Pentax ya marehemu baba: niitengeneze au ninunue nyingine?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Njombe. Marehemu baba aliacha kamera ya filamu, Pentax K1000, aliyokuwa akipigia picha za harusi na kipaimara. Mwaka huu nimeanza kuitumia. Picha za ndani zinatoka vizuri kiasi, lakini nyingi za juani zina upande mmoja mweusi tii. Baadhi zina mchirizi wa rangi ya chungwa pembeni, na zote zimepauka kama zilipigwa kwenye ukungu. Mshale wa mita ya mwanga hautikisiki. Fundi mmoja wa Mbeya aliitazama akasema imekufa, akataka kuichukua kwa bei ya chuma chakavu. Mtandaoni kuna mtu wa Dar anauza nyingine kama hii, anasema ni nzima. Niitengeneze hii au ninunue hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Itengeneze. Usimpe huyo fundi, na usitume hela Dar kabla hujamaliza kusoma hapa. Ila sisemi utengeneze kila kitu. Kamera yako ina magonjwa manne na kila moja lina hukumu yake: shata (mlango unaofunguka kupitisha mwanga ukibonyeza) isafishwe, sponji zibadilishwe, lenzi huenda ukatafuta nyingine, na mita uiache mpaka siku utakayokuwa na hela ya ziada.

Nimeshika K1000 nyingi hapa Iringa na ingeniuma kusikia hii imeuzwa kwa kilo. Pentax walianza kuitoa 1976 wakaacha 1997. Za mwanzo zilitengenezwa Japani, baadaye Hong Kong, na za mwisho China. Ndani yake ni gia, springi na kitambaa. Kile kibetri kidogo cha chini kinaendesha mita peke yake; ukikitoa, shata inaendelea kupiga spidi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia kwenye kamera yoyote inayosumbua. Inayopiga bila umeme inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudi kazini hata kama kiwanda hakitoi spea tena.

Sasa tuangalie huo weusi, kwa sababu ndio uliomfanya fundi aseme imekufa, wakati mimi ndio unaonipa matumaini.

Mbele ya filamu kuna mapazia mawili ya kitambaa chenye mpira, yanayokimbia kwa ubavu. Ukibonyeza, la kwanza linafungua njia, la pili linalifuata kuifunga. Kwenye 1/60 kushuka chini, pazia la kwanza linafika mwisho kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo filamu yote inabaki wazi kwa wakati mmoja. Ukipanda juu ya hapo, la pili linaondoka mapema, na mwanga unapita kwenye mwanya unaosafiri kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kwenye 1/1000 mwanya huo ni milimita chache tu. Mafuta yaliyokaa miaka 40 yakiganda na kuchanganyika na vumbi, pazia la kwanza linakuwa zito, la pili linalifikia njiani, mwanya unazibika, na sehemu iliyobaki ya picha haipati mwanga kabisa. Picha ikichapwa, sehemu hiyo inatoka nyeusi.

Ndiyo maana picha za ndani zimepona. Ndani ulipiga kwa 1/30 au 1/60. Nje kwenye jua ukapanda 1/500 au 1/1000. Kamera iliyokufa haichagui jua na kivuli. Hii yako imechoka mafuta.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kwanza: hukuwa umefunga flashi? K1000 inakubaliana na flashi mwisho 1/60. Ukiwasha flashi kwenye spidi ya juu zaidi, unapata upande mweusi hata kama kamera ni nzima kabisa. Kwa maelezo yako sidhani, lakini hakikisha kabla hujatoa shilingi.

Hapo Njombe una kipimo ambacho watu wa Pwani hawana. Juni na Julai, asubuhi baridi ikiwa imeshika, chukua kamera iliyolala kwenye chumba kisicho na moto. Haina filamu. Toa lenzi, fungua mgongo, ielekeze kwenye anga jeupe (si kwenye jua lenyewe), weka jicho nyuma pale filamu inapokaa. Vuta mkono wa kusogeza filamu, weka 1/1000, bonyeza. Unatakiwa kuona mstatili mzima ukimulika mara moja. Ukiona ubavu mmoja umebaki giza, umemwona mgonjwa wetu. Rudia mara kadhaa, kisha shuka 1/500, 1/250, 1/125, na uandike giza linaisha kwenye spidi gani. Saa nane mchana, kamera ikiwa imepata joto, fanya vilevile. Kama asubuhi inakwama zaidi na mchana inachangamka, hayo ni mafuta yaliyoganda. Kitu kilichovunjika hakijali saa. Na tafadhali usiguse mapazia kwa kidole.

Spidi za chini zipime kwa sikio na simu. Weka sekunde 1, bonyeza, sikiliza: mlio wa gia uende laini hadi mwisho, bila kukatika katikati. Kisha, kama simu yako inarekodi video ya polepole ya picha 240 kwa sekunde, irekodi shata kutoka nyuma. Kwenye 1/15 utahesabu kama picha 16 zenye mwanga, kwenye 1/30 kama 8, kwenye 1/60 kama 4. Ikitofautiana kwa moja usihangaike, filamu inavumilia. Ukikuta 14 mahali pa 8, andika. Karatasi hiyo mpe fundi. Fundi anayepewa vipimo anafanya kazi tofauti na fundi anayeambiwa tu kamera ni mbovu.

Kipimo cha mwisho cha shata ndicho kinachoweza kunifanya nibadili hukumu. Usiku, kwenye chumba chenye giza, toa lenzi, fungua mgongo, mulika pazia kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukichungulia mbele, kioo kikiwa kimeinuka. Usikiinue kwa kuweka B, ile alama inayoiacha shata wazi muda wote unaposhikilia kitufe. Hapo pazia la kwanza limeondoka, kwa hiyo huwezi kulipima. Kwa hiyo fanya hivi: kioo kiinue taratibu kwa ukucha, ukishika pembeni yake tu, bila kubonyeza chochote. Lipime pazia shata ikiwa haijavutwa, halafu ivute ulipime tena, maana kila hali inaweka pazia jingine mbele yako. Vitundu viwili vitatu kama vya sindano vinazibwa kwa rangi nyeusi ya mpira. Lakini pazia likiwa limekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, itabidi libadilishwe, na hiyo ni kazi ndefu ya fundi wa kamera hasa. Hapo, na hapo tu, hesabu inaanza kuelekea Dar.

Mchirizi wa chungwa ni ugonjwa mdogo. Weusi kwenye picha ni mwanga uliokosa kufika. Mchirizi wa chungwa au mweupe ni mwanga ulioingia pasipo njia yake. Mlango wa nyuma una sponji nyeusi kwenye mifereji yake na upande wa bawaba, na baada ya miaka zinageuka ulimbo. Gusa kwa kijiti cha meno utaona. Zikwangue, futa kwa spiriti na pamba ya masikio, huku umefunika shata kwa karatasi ili uchafu usidondokee humo. Kwenye mifereji laza uzi mweusi wa sufu. Kwa Njombe uzi wa kufumia masweta haukosekani. Upande wa bawaba bandika kipande chembamba cha sponji nyeusi au mahameli. Kazi hii utaifanya mwenyewe mezani na gharama yake ni ndogo mno.

Kupauka ni lenzi. Itoe, fungua lote tundu lake la kupitisha mwanga, mulika tochi ya simu upande mmoja na utazame kwa mshazari upande mwingine. Ukiona nyuzinyuzi kama mizizi au utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Ikiwa kidogo pembeni, picha haidhuriki, endelea nayo. Ikiwa imetanda katikati, ndiyo inayokuletea huo ukungu, hasa ukipiga kuelekea mwanga. Fundi anaweza kuifungua na kuifuta, lakini fangasi ikikaa sana inakula ngozi ya kioo, yaani ule mpako wenye rangi ya zambarau, na hapo kusafisha hakurudishi kitu. Kwa lenzi hukumu yangu ni kinyume cha kamera: usiigharamie. Lenzi za 50mm za Pentax zenye mdomo wa K (aina ya mshikio wa lenzi kwenye kamera yako) zilitengenezwa kwa wingi mno tangu 1975, na yoyote kati ya hizo inaingia kwenye kamera yako bila adapta.

Nina hakika mzee aliitunza vizuri, akairudisha kila siku kwenye mfuko wake wa ngozi. Kama ni fangasi, huenda mfuko huo ndio ulioileta. Ngozi inashika unyevu, na kwa mvua za Njombe, au za Tukuyu ambako ni nyingi zaidi, kamera iliyofungiwa kwenye ngozi kabatini inaota ukungu kama ukuta usiopata jua. Mfuko utunze kama kumbukumbu, kamera iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Mchele usitumie, una vumbi.

Mita sitaki ikusumbue. Jaribu betri mpya ya LR44. Kwenye kikombe cha betri ukikuta ukoko mweupe au wa kijani, ufute kwa tone la siki au ndimu, kisha spiriti. Mshale ukiamka, vizuri, na uwe unaifunika lenzi kamera ikipumzika, maana K1000 haina swichi ya kuzima mita na mwanga ndio unaokula betri. Usipoamka, acha. Jua likiwa kali na kivuli kimekolea, weka tundu la lenzi f/16 na spidi inayokaribia namba ya filamu: kwa filamu ya 200, weka 1/250. Mawingu mepesi fungua hadi f/11, mazito f/8 au f/5.6. Au tumia programu ya kupima mwanga kwenye simu. Wapiga picha wengi wa vijijini walipiga harusi nyingi bila mita kabisa. Na 1/250 kwa f/16 inakupa faida nyingine: kama weusi wako unaanzia 1/500, unaweza kupiga juani kuanzia leo, bado hata hujamwona fundi.

Tuje kwenye hiyo ya Dar. Watu wengi wanalinganisha kamera mbovu iliyo mkononi na kamera nzima iliyo kichwani. K1000 iliyo changa kuliko zote iliondoka kiwandani 1997. Ya huyo muuzaji ina mafuta ya umri uleule na sponji zilezile, tena huenda imekaa kwenye joto na unyevu wa bahari. Akisema ni nzima, mara nyingi maana yake amebonyeza ikalia. Ulinganisho wa haki ni huu: gharama ya kusafisha ya kwako, jumlisha kifurushi cha kwenda na kurudi na filamu moja ya majaribio, dhidi ya bei ya K1000 ambayo imeshafanyiwa sevisi na muuzaji anakubali irudi ikisumbua. Ukilinganisha hivyo, ya mzee inashinda karibu kila mara, kwa sababu ukishanunua ile isiyo na sevisi, bado utaitafutia fundi.

Na usisahau filamu kwenye hesabu. Mkanda wa picha 36 unatoka nje kwa bei ya nje, na ukimaliza unautuma tena mbali kusafishwa. Mikanda miwili mitatu ikiharibikia ndani ya kamera ya bei poa, umeshalipa sevisi bila kuipata.

Hata hivyo usimfungie mlango huyo muuzaji. Mwombe video mbili: moja ya shata ikipigwa mgongo ukiwa wazi mbele ya dirisha kwenye 1/1000, 1/60 na sekunde 1, nyingine ya tochi ikipita kwenye lenzi. Akikataa, achana naye, hiyo ni mbuzi kwenye gunia. Akikutumia na ukaona kamera ina kasoro lakini lenzi ni safi, na bei yake haizidi bei ya lenzi peke yake, nunua. Lenzi itahamia kwenye ya baba, na ile nyingine itakuwa spea: skrubu, kioo, hata mapazia siku yakihitajika. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo ningekushauri utume hela Dar.

Kuhusu kununua mpya kabisa: 2024 walitoa Pentax 17, kamera mpya ya filamu inayogawa kila picha nusu, ukapata 72 kwenye mkanda wa 36. Ni kitu kizuri, lakini lenzi yake haitoki, inategemea betri, na bei yake ni ya kifaa kipya. Nikon nao waliacha kutengeneza F6, kamera yao ya filamu, mwaka 2020. Kamera mpya ya filamu ya kuvaa lenzi za mzee wako haipo.

Fundi umchagueje? Mafundi wa kamera nyanda hizi wamebaki wachache, ila fundi saa mzuri, mwenye lupu (kioo cha kukuzia) na mkono mtulivu, anaweza kusafisha shata hii akiwa na michoro ya K1000, na michoro hiyo inapatikana mtandaoni bure. Muulize atasafishia nini. Akisema petroli ya kiberiti kidogo kwa brashi, kisha tone la mafuta ya saa kwenye ncha ya sindano, mwachie. Akishika kopo la kupulizia, la aina ile ya kulegeza nati zilizoshika kutu, chukua kamera yako uondoke; dawa ile inasambaa mpaka kwenye mapazia na haitoki. Angalia pia bisibisi. Skrubu za msalaba za Japani zina umbo lake, bisibisi ya kawaida inazitafuna vichwa, na kamera yenye skrubu zilizotafunwa ni ushahidi kwamba mtu alishapita humo kwa pupa. Hebu zitazame za kwako leo. Kama ni safi, hakuna aliyeifungua vibaya.

Ukiituma mbali kwa basi, toa betri, toa lenzi na ufunike midomo yote miwili, hakikisha shata haijavutwa, ifunge kwa nguo laini ndani ya boksi gumu, na uweke ile karatasi ya vipimo ndani.

Wasomaji wengine msichukue jibu hili mkaliweka kwenye kamera yoyote. Canon AE-1 haipigi kabisa bila betri. Ikitoa mlio wa kukoroma unapobonyeza, ni gia za kioo zimekauka, zinahitaji tone la mafuta mahali pake, itengenezeni. Ikiwa betri ni mpya, vikombe ni safi, na bado imenyamaza, tatizo liko kwenye saketi, na hapo kutafuta nyingine ni busara kuliko kuwinda saketi. Minolta X-700 ikinyamaza, mara nyingi ni kapasita, kitu kidogo ambacho fundi redio anaweza kubadilisha. Vile vikamera vya plastiki vyenye flashi ndani, gia ikivunjika, badilisha tu. Lakini msivifungue kwa udadisi, wala msiwaachie watoto: kapasita ya flashi inashika umeme wa volti kama 300 hata betri zikiwa zimetolewa, na inapiga vibaya sana.

Mwanangu, nina swali ambalo hukuuliza. Negativu za mzee ziko wapi? Mtu aliyepiga harusi na kipaimara cha mji mzima ana maboksi mahali fulani. Kamera ya K1000 nyingine ipo duniani, lakini picha zile hazina nakala. Zitoe kwenye mifuko ya nailoni, ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya ndoo ileile yenye silika, na uandike juu ya kila bahasha majina unayoyatambua wakati wazee wa kuuliza bado wapo.

Kamera ikirudi kutoka kwa fundi, filamu ya kwanza usiipeleke harusini. Chukua mkanda wa bei nafuu, daftari na kalamu. Piga ukuta uleule mweupe wenye jua kwa spidi zote kuanzia 1/1000 hadi 1/60, ukifungua au kufunga tundu la lenzi ili mwanga ubaki uleule, na uandike namba ya kila picha. Pale tundu linapogoma kufunga zaidi, ishia hapo. Kisha piga picha chache kuelekea dirishani kwa ajili ya lenzi, na ziache chache za mwisho ndani ya kamera juani kwa nusu saa kabla ya kuzipiga, ili sponji zijaribiwe. Mwambie msafishaji akurudishie negativu bila kuzikata wala kuzirekebisha, maana mashine ya kuchapa inajaribu kuficha makosa na sisi tunayatafuta. Zishike mbele ya dirisha, zipige picha kwa simu, nitumie pamoja na ukurasa wa daftari.